Masizi ya Ndege ya Usiku

Kuna watu ambao aibu yao huzeeka pamoja nao ikapoteza nguvu, lakini yangu mimi inakua kila mwaka na kunenepa, na ukiniuliza chanzo chake nitakuonyesha ndege ya plastiki isiyozidi urefu wa rula ya mwanafunzi. Nacheka nikisimulia, lakini ujue ndani bado nina hasira, tena hasira yenyewe ni ya kujikasirikia.

Miaka hiyo ya kwanza kwanza baada ya uhuru nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Nyeri, Mbukusu wa watu kutoka magharibi niliyetupwa mlimani na serikali, nikipanga chumba kule Skuta na kujifunza kuvumilia baridi. Nikampenda Wangechi, mpiga chapa wa ofisi moja mjini, naye akanipenda (hilo hata leo sielewi lilivyotokea). Shida ilikuwa baba yake, Mzee Gachanja wa Ruring'u. Hakunikataa, na afadhali angenikataa nikajua moja. Kila nikituma ujumbe jibu lilikuwa lilelile: "Huyo kijana ni mzuri, lakini hao watu hatujui desturi yao." Mwaka mzima ukapita hivyo, desturi, desturi, mpaka nikawa nalichukia neno lenyewe.

Sasa, huyu mzee wakati wa vita vya pili vya dunia alichukuliwa akiwa kijana akapelekwa Mombasa, kwenye uwanja zilikotua ndege za manowari za Waingereza. Kazi yake na wenzake ilikuwa kuzisukuma, kuzipangusa na kuzikunja mabawa, maana ndege za melini hukunja mabawa ili zienee. Aliyoipenda zaidi ilikuwa ndege ya kivita ya usiku, yenye uvimbe kwenye bawa la kulia ambamo mlikuwa na rada ya kuonea gizani. Lakini kila alipoisimulia nyumbani, Wangechi aliniambia, ndugu zake walicheka: ndege gani hukunja mabawa kama kuku? Mzee alikuwa amebeba uchungu wa kuitwa mwongo tangu vita viishe.

Nami, mjanja wa Bungoma, nikaona mlango umefunguka. Mzungu mmoja alikuwa anauza vyombo vyake arudi kwao, na kati ya masufuria na vitabu nikaona boksi lenye picha ya ndege ileile, vipande vya plastiki vya kuunganisha mwenyewe, na karatasi ya maelezo. Nikalikumbatia hadi Skuta. Kufungua, nusu ya vipande haimo! Kioo cha rubani hakuna, gurudumu moja hakuna, na uvimbe wa rada, ambao ndio uliokuwa ushahidi wenyewe, hakuna. Nilikaa kitandani nikamtukana yule mzungu kwa lugha zote ninazozijua.

Basi nikajenga. Kioo nilikikata kutoka kwenye plastiki ya kola ya shati jipya, gurudumu nikachonga kwenye kifuniko cha chupa ya dawa, na rada nikaichonga kwa kijiti cha mkaratusi nikapiga msasa hadi vidole vikaota sugu. Mabawa ndiyo yaliyonikondesha. Yale ya boksi yalikuwa ya kugandishwa tu, yasiyokunjika, nami nilitaka yakunjike, kwa hiyo nikayakata kwa wembe, nikatia pini za nguo ziwe bawaba, na kila nikikunja la kushoto la kulia linaanguka, nikigandisha la kulia la kushoto linanaswa na gundi. Hata alama za misumari midogo ya ubavuni nilizitoboa kwa ncha ya sindano, mstari kwa mstari, mpaka macho yakawa yananitoka machozi. Mwisho nikaipaka rangi ya buluu iliyokolea, inayong'aa, kama ile karatasi ilivyosema. Ikapendeza, nikaipenda kuliko mshahara.

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Asubuhi ya siku ya kwenda kwa wakwe (maana safari hii mzee alikubali tuje, mimi na wazee wangu, tuonane) akapita mwalimu mwenzangu Kioko, wa jiografia, mtu ambaye hakuna jambo asilolijua. Akaishika, akaigeuza, akaguna.

"Hii ni ya usiku?"

"Ya usiku."

"Na inang'aa hivi? Si adui atanyolea ndevu hapa? Ndege ya usiku ni nyeusi, bwana, nyeusi tititi. Huyo mzee akiiona atakucheka."

Nikamwonyesha karatasi. Akasema karatasi ni ya watoto. Nami badala ya kumfukuza nikajiona nimesimama mbele ya Mzee Gachanja na ndege ya uongo. Rangi nyeusi sina, duka limefungwa kwa kuwa ni Jumapili, mjomba anakuja kunichukua wakati wowote. Nikageuza sufuria, nikakwangua masizi, nikayachanganya na mafuta ya taa, nikaipaka ndege yangu yote. Ikawa nyeusi kweli, imefifia, haing'ai hata kidogo. Kioko akasema, "Sasa!" Nikaitia kwenye boksi la viatu, nikanawa mikono kwa sabuni mara mbili, nikavaa suti.

Mjomba wangu Simiyu, aliyetoka Bungoma na shangazi wawili na mbuzi mmoja beberu, alinishika mkono langoni kwa wakwe. "Wewe leo ni bwana arusi, na bwana arusi hana mdomo. Nitasema mimi. Nikisikia sauti yako, sikutambui." Nikaitikia kwa kichwa.

Wazee wa pande zote wakabaki uani wakimkagua yule beberu, lakini Mzee Gachanja, ambaye Wangechi alishamnong'oneza habari za ndege, hakuweza kungoja. Akaniita ndani peke yangu. Sebule ilikuwa na giza la Julai, manyunyu nje, mapazia mazito, na kila kiti kimetandikwa kitambaa cheupe cha kufuma, meza kitambaa, redio kitambaa, mpaka nikaogopa kukaa. Nikampa boksi. Akaitoa ndege. Akaishika kwa viganja vyote viwili, akagusa uvimbe wa rada kwa kidole gumba, halafu taratibu, bila kuonyeshwa, akakunja bawa moja, akakunja la pili.

"Ngai," akasema, akimwita Mungu kwa Kikuyu chake. "Wewe kijana. Wewe kijana, hii ndiyo yenyewe."

Akalia. Mzee mzima akalia kama mtoto, na akajipangusa machozi, na paji la uso, na mashavu, kwa mikono ile.

Ndipo nikauona uso wake. Michirizi myeusi, mipana, kutoka kwenye paji hadi kidevuni! Nikafungua mdomo, "Mzee, samahani, una..." lakini yeye tayari alikuwa anairudisha ndege kwenye boksi, anaificha chini ya kiti. "Nyamaza. Nitawaonyesha hawa watu baadaye. Leo watajua kama mimi ni mwongo." Na mlango ukafunguka, na mjomba akaingia akitangulia wote.

Mjomba akasimama. Akamwona mkwe wake ameketi wima, machozi yanametameta, uso umepakwa weusi. Mzee akainuka akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili, kama watu wa huko wanavyomsalimu mgeni wa heshima. Mjomba akakiangalia kiganja chake, cheusi. Akauangalia tena uso wa mzee. Niliyaona mawazo yakipita kichwani mwake kama herufi ubaoni: kumbe ndiyo desturi yenyewe hii. Na mtu aliyetoka Bungoma kuja kuonyesha kwamba watu wake wana adabu hakungoja kufundishwa. Akavua kofia, akajipaka masizi kwenye paji, polepole, kwa heshima zote.

"Tumepokea," akasema.

Nikakohoa. Mjomba akanikanyaga mguu.

Nyuma yake akaingia ndugu ya mzee, yule mcheshi aliyeongoza kucheka habari za mabawa, na wazee wengine wa ukoo. Wakakuta wakuu wa pande mbili wamesimama wameshikana mikono, nyuso nyeusi, kimya. Wakatazamana. Nao wakafikiri, bila shaka: kumbe hawa watu wa magharibi ndivyo wanavyofanya, na Gachanja amekubali, kwa nini sisi tukatae? Ndugu ya mzee akaja mbele akainamisha kichwa.

"Hii jambo ni nzuri," akasema. "Na sisi mtupake."

Mjomba akampaka! Akapaka wote! Yalipomwishia kiganjani akamrudia mzee kumshika mkono tena, akachota mengine, maana masizi ya mafuta hayana mwisho. Shangazi zangu wakapakwa, mama mmoja wa kanisa aliyevaa leso nyeupe akapakwa, na mimi nikapakwa, na nilipotaka kusema mara ya tatu, "Mjomba, tafadhali," alinigeukia na macho ambayo nilikuwa sijayaona tangu nilipochoma zizi lake nikiwa mtoto. Wakaketi wote. Wakaegemea vile vitambaa.

Ndipo mama yake Wangechi akaingia na chai. Kwetu mama mkwe hashikwi mkono wala hatazamwi sana, kwa hiyo nilikuwa naangalia sakafu, lakini nilisikia vikombe vikigongana kwenye sinia. Alizunguka sebule, akimpa huyu, akimpa yule, na kwa kila kiti alichopita nilimsikia akivuta pumzi. Aliponifikia aliinama na kikombe changu.

"Hiyo ni masizi ya sufuria na mafuta ya taa," akaniambia sikioni. "Usifikirie sijui. Mimi ndiye napika hapa."

Kisha akaenda kwa mumewe akamnong'oneza neno moja la Kikuyu, mbiro, na hata Mbukusu aliyekaa Nyeri mwaka na ushei anajua kwamba mbiro ni masizi.

Mzee Gachanja akageuza viganja vyake akaviangalia. Akaangalia boksi chini ya kiti. Akaniangalia mimi. Jamani, nilimwona Wangechi akiondoka maishani mwangu kwa mlango wa nyuma. Neno moja tu la mzee lingetosha: wazee wa ukoo wangejua wamepakwa uchafu wa jikoni, mjomba angejua ameongoza ibada ya sufuria, na hakuna ambaye angesahau. Watu wote wakangoja, vikombe mkononi, mapaji meusi, wamejaa heshima.

Mzee akafunga viganja.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi nilikuwa naogopa hawa watu kwa sababu desturi yao siijui. Leo nimeona. Tuendelee."

Wakapiga makofi. Sikumbuki yaliyofuata ila beberu alikubaliwa, na mwishoni boksi lilifunguliwa, mabawa yakakunjwa na kukunjuliwa mbele ya ndugu ya mzee mpaka akaomba msamaha kwa sauti. (Naye akajifuta jasho, akajipaka zaidi.)

Tulipokuwa tunaondoka mzee akanivuta kando ya tangi la maji. Nilitarajia baraka.

"Ilikuwa ya buluu," akasema. "Ilikuwa inang'aa. Mimi ndiye nilikuwa naipangusa. Nani alikuambia uipake hii takataka?"

Kabla sijamjibu, mama yake Wangechi akanitwika karai lililojaa vitambaa, vyote, hata cha redio. "Hizi zitarudi zikiwa nyeupe," akasema, na kwa huyo mama sikudhani ni mzaha.

Kwa hiyo nilitembea kutoka Ruring'u hadi Skuta nikiwa na suti, tai, paji jeusi na karai kichwani, nyuma yangu mjomba na shangazi wakitembea kwa fahari wakikataa kunawa kwa sababu ingekuwa dharau kwa wakwe, na mechi ndiyo ilikuwa imeisha uwanjani, watu wanamiminika barabarani, na kati yao darasa langu la sita.

"Mwalimu! Ati unaenda kufua za nani?"

Hawakuniita Mwalimu Wafula tena. Waliniita Mwalimu Karai mpaka nilipohamishwa. Vitambaa nilivifua kila jioni ya juma lile, nikavirudisha vikiwa rangi ya wingu la mvua, na mama mkwe akavitandika hivyo hivyo, kila nikienda kumsalimia vinanikodolea macho. Ndege niliipangusa, nikairudishia buluu yake, nikampelekea mzee. Kioko nilimwacha akaendelea na jiografia yake, ila ushauri wake wa rangi sijauomba tena, na sitauomba wa mtu yeyote maadamu nina karatasi ya maelezo mkononi.

Ungedhani imeisha. Lakini kwenye arusi ya mdogo wake Wangechi, wazee wa ukoo waliuliza, mbona hatujapakwa? Wakapakwa. Kwetu Bungoma mjomba alimwoza bintiye, akaomba masizi, akieleza kwamba wakwe zetu wa mlimani hawaungani na mtu bila hayo. Mjomba amekufa akiamini ni desturi ya Wakikuyu. Ndugu ya mzee amekufa akiamini ni ya Wabukusu. Mzee Gachanja naye alikufa akijua, na kila tulipopakwa alikuwa ananiangalia, macho makavu, bila huruma.

Mwezi uliopita walikuja watu wa Machakos kumposa binti yangu. Shangazi yake mmoja akaingia na kisosi, masizi yamekorogwa vizuri kwa mafuta ya taa, akawaeleza wageni kwamba jambo hili ni la mababu, la zamani sana, na halina mchezo. Yule kijana Mkamba akanyanyuka, suti mpya, akanigeukia kwa adabu.

"Baba, maana yake ni nini?"

Safari hii mdomo ninao. Mimi ndiye mwenye nyumba, hakuna wa kunikanyaga mguu. Wangechi akanitazama kutoka mlango wa jikoni, amebana midomo asicheke. Juu ya redio, ile ndege ya buluu tuliyoachiwa na Mzee Gachanja ilikuwa inang'aa, mabawa yamekunjwa. Nikawaangalia wageni walivyokaa wima, jinsi walivyoogopa kukosea.

"Maana yake umekubaliwa," nikamwambia, na nikainamisha kichwa nipakwe.