Dereva wa Lori Aliyegeuka Kiongozi wa Baiskeli

Sadiq Hirsi aliendesha lori miaka ishirini na sita, kutoka Mombasa hadi Malaba. Ugonjwa wa sukari ulipomshika, daktari alimwambia aache usukani na aupe mwili mazoezi. Akanunua baiskeli kuukuu, akaanza kuzunguka peke yake kutoka nyumbani kwake Kiplombe, nje kidogo ya Eldoret.

Alijishangaa. Nchi aliyodhani anaijua hakuwa ameiona. Ndani ya lori alitazama lami na vioo tu. Baada ya mwaka mmoja alijua barabara za murram, zisizo na lami, zinazokatiza mashamba ya ngano, akajua pia kwamba mwezi wa nne mvua huja mchana, kwa hiyo anayeondoka alfajiri hufika mkavu.

Siku moja, kwenye duka la vipuri la bintiye Hafsa, aliwakuta wageni wanne wakinunua tyubu za baiskeli. Walikuwa walimu kutoka Voi, wakiongozwa na Naomi, na walipanga kutumia likizo yao kushuka hadi bonde la Kerio.

"Mwalimu, ukishuka Kerio leo, kesho utarudi ukisukuma baiskeli," Sadiq alimwambia. "Kaeni huku juu. Unapanda kidogo, unateremka kidogo, na jua halichomi."

Naomi alibisha, akaitazama ramani, mwishowe akauliza nani atawaonyesha njia. Sadiq hakuwa amewaza hilo. Akasema ni yeye.

Kesho yake, kwenye mlima wa kwanza tu, Mungai, mmoja wa walimu hao, aliyekuwa mnene kuliko wenzake, aliilaza baiskeli akaketi kwenye nyasi. Alisema kifua kinawaka, wamwache arudi mjini. Sadiq aliwaelekeza wengine watangulie hadi kwa Chepkirui, mwenye hoteli ndogo Sugoi, kisha akaketi kando ya Mungai. Alimweleza kwamba hewa ya huku ni nyepesi, hata lori huishiwa nguvu.

"Tuende tukiongea," alisema. "Ukishindwa kuongea, tunapunguza mwendo."

Mungai alimsimulia habari za wanafunzi wake, za mamake, hata za harusi yake iliyonyeshewa. Walipofika Sugoi wenzao walikuwa kwenye kikombe cha pili cha chai, na yeye bado alikuwa na hadithi.

Siku ya nne Sadiq aliwapeleka Iten, wakasimama ukingoni mwa bonde. Barabara ya Kerio ilijipinda chini yao hadi ikapotelea kwenye ukungu wa joto. Naomi aliitazama kwa muda.

"Mzee, ningetuua," alisema.

Sadiq alicheka, lakini moyoni alisikia fahari ambayo lori halikuwahi kumpa. Wakarudi Eldoret wakiserereka karibu njia yote, upepo ukiwa mgongoni.

Mwezi wa nane Naomi alirudi na walimu kumi na mmoja. Sadiq aliwagawa makundi mawili. La wenye haraka alilishika mwenyewe. La wanaoanza alimkabidhi Mungai.