Tumbo la Nangomwa

Kosa lenyewe lilikuwa la kijinga, na nalisema mapema kabla hamjaanza kunionea huruma: niliiba maumivu ya mtu. Si kuku, si baiskeli, si mke (kwa mke labda mngenielewa), ila maumivu ya tumbo ya jirani yangu Nangomwa, nikayaandika kwa jina langu na kuyatilia sahihi yenye mkia mrefu, kama ile niliyojizoeza sekondari wakati wenzangu wanasoma hesabu.

Ilikuwa miaka ile ya karanga, mapori ya Nachingwea yalipokuwa yakifyekwa kwa matrekta ili wazungu walime karanga, na mimi nilikuwa karani kambini kwao. Lakini lazima mnifahamu: mimi ni mtu wa nyumbani. Raha yangu ni kukaa barazani kwangu Mbekenyera na chai ya rangi, watu wapite niwaulize wanakwenda wapi, kisha mimi nisiende. Kambini tulikuwa tukigongewa kengele alfajiri, tunalala wanane chumba kimoja, na kila usiku naota baraza langu.

Siku moja mimi na Nangomwa, ambaye alikuwa mpakiaji, tulipanda lori juu ya magunia. Ngiri akakatiza, dereva akakwepa, na lori likajilaza ubavu polepole kama mzee anayejinyoosha mkekani. Mimi nikaangukia magunia, nikachubuka kiwiko na kula mchanga kidogo. Nangomwa akaangukiwa na pipa la mafuta tumboni. Hakuna damu, hakuna mfupa uliovunjika. Akakaa kitako, akajipangusa, akaomba maji, halafu akaniambia taratibu, "Karani, humu ndani kuna kitu kimehama."

Sheria ilikuwa kwamba aliyeumia kazini anaweza kudai fidia, ila aandike, apimwe na daktari, kisha aitwe mbele ya bwana wa fidia, mzungu mmoja mrefu mwenye kofia pana. Nangomwa Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo alinieleza kwa Kimwera na mimi nikaandika Kiingereza. Na alieleza, jamani. Alisema ndani ya tumbo lake kuna mtu amekaa anasokota kamba, akicheka yeye, mtu yule anakaza, akikohoa anakaza zaidi, akilala ubavu wa kushoto mtu anahamia kulia na kamba yake. Alisema hawezi tena kuinama na jembe, na kwamba akipata hiyo fidia ataweka vibarua walime shamba lake mpaka watoto wakue, maana mkewe peke yake hataweza. Hilo tu ndilo alilotaka. Nikaandika yote kwenye fomu ya madai, nikajisomea, nikaona ni barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

Ndipo nikaona fomu nyingine imebaki mezani.

Nikawaza (kama yale yalikuwa mawazo): na mimi nilikuwa kwenye lori lile lile, na mimi nina tumbo, wakinihesabu mgonjwa watanirudisha barazani kwangu na kitu mkononi. Lakini maumivu ya kuandika nilikuwa sina, kiwiko kilishapona. Basi nikachukua ya Nangomwa, na kwa uvivu sikubadilisha hata neno: mtu, kamba, kikohozi, ubavu wa kushoto.

Daktari alitubonyeza wote wawili. Nangomwa alitoa jasho bila kusema kitu, mimi nilipiga kelele hata kabla mkono haujanifikia. Akaandika kwamba maumivu ni ya ndani na hayaonekani, tupumzike nyumbani wiki tano, tusinyanyue kitu kizito, kisha tuje tusikilizwe. Tukarudi Mbekenyera, Nangomwa akitembea wima kama mtu aliyebeba mtungi, maana akiinama anaumia, na mimi nimejikunja kama ndoana, maana niliona kujikunja ndiko kunakopendeza. Jirani yetu Bi Somoe alitutazama tukipita akauliza, "Aliyeumia ni yupi?"

Wiki tatu niliishi nimejikunja. Nakunywa chai nimejikunja, naitikia salamu nimejikunja. Halafu mtoto wa dada yangu akatoka jandoni.

Ninyi wa kwetu mnajua, na asiyejua nimwambie: kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, na siku mwali wa jando anapotoka kumbini mjomba humbeba begani mpaka nyumbani kwa mama yake, ngoma zikilia, ukoo mzima unatazama. Nikamwambia dada yangu safari hii atafute mtu mwingine, tumbo langu linaniuma.

"Tumbo gani, kaka?" akasema. "Jana umekula ugali wangu na wa shemeji yako."

"Daktari amekataza vitu vizito."

"Mwanangu si kitu kizito. Mwanangu abebwe na nani, na mpita njia? Basi nitawaambia watu kwamba hana mjomba."

(Neno hilo kwetu si la mchezo.) Nikaona nitambeba hatua chache tu, nitamshusha na kushika tumbo. Lakini kijana alikuwa amelishwa vizuri huko kumbini, akanikalia shingoni na mafuta yake na nguo yake mpya, ngoma zikaanza, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi, watu wangu, nikanyooka. Nikasahau kabisa. Nikazunguka uwanja mara ya kwanza, mara ya pili, nikaruka, nikapiga magoti na kuinuka naye bila kushika chini. Pembeni palikuwa na gari limesimama na mtu anapiga picha, uso wote uko nyuma ya kamera. Mtu wa heshima akipigwa picha hukaa sawa, nami nikamgeukia, nikatoa meno yote, nikamwashiria arudie, asije akawa amekosea. Akarudia. Akashukuru kwa kuinua kofia yake, na kofia ilikuwa pana.

Hata hapo sikushtuka. Nilidhani kofia za wazungu zote zinafanana.

Siku ya kusikilizwa tuliingia pamoja, Nangomwa wima, mimi nimejikunja, tena mimi ndiye mkalimani wake. Bwana wa fidia aliweka mezani barua mbili ubavu kwa ubavu, halafu picha juu yake. Niliiona mara moja. Meno yalitoka vizuri sana.

"Huyu msokota kamba," akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "alikaa ndani ya matumbo mawili?"

Nikajinyoosha, maana kujikunja kulikuwa hakuna faida tena, nikamwambia mimi ni mwongo lakini huyu ni mkweli, maneno ni yake, mimi nimenakili tu. Akaniuliza, "Wewe uliandika kwa sahihi yako kwamba ni kweli. Leo unasema ni uongo. Nikuamini siku ipi?" Akafunga majalada yote mawili, moja juu ya jingine, akasema, "Mweleze mwenzako."

Kumweleza ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya kambini. Nangomwa alikuwa ameiona picha na kutabasamu, akidhani tumeitiwa jambo jema. Nikamweleza kwa Kimwera, nikiruka maneno, na yeye akinirudisha pale nilipoyaruka. Nilipomaliza hakupandisha sauti. Alisema, "Kwa hiyo tumbo langu ulilichukua lote, karani. Hukuniachia hata kipande."

Tukatembea kurudi. Mimi nilifukuzwa kazi, kwa hiyo baraza nililipata. Niliandika barua za kukiri, moja baada ya nyingine, kwa Kiingereza changu kizuri, na hakuna iliyojibiwa. Nangomwa hakupona. Mpaka leo anakaa kivulini, mkono ubavuni, na mtu wake bado anasokota.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilichukua jembe nikaenda shambani kwake bila kuitwa. Hakunikaribisha wala hakunifukuza, alinionyesha tu kwa kidevu palipo na magugu. Nikalima mtama wake kwanza, kisha wangu, na mwaka uliofuata hivyo hivyo, na huu ni wa tano. Mimi, mtu wa baraza. Watoto wake bado wadogo, na kutia sahihi yenye mkia nimeacha kabisa, hata kwenye barua ya salamu.

Juzi jioni nilikuwa natoka kwake, mgongo umekaza, siwezi kunyooka hata kwa kujilazimisha, jembe nalikokota. Bi Somoe alikuwa anapepeta ufuta mlangoni kwake. Akaacha ungo, akanitazama tangu kisogo hadi visigino, akasema:

"Leo ndiyo umejikunja sawasawa, karani. Mzungu wako angekupiga picha leo, Nangomwa angelipwa."