Mizani Tisa Mbele ya Baba

Wajerumani walikuwa wameshafikisha reli Morogoro, nami nilikuwa nimerudi kwa baba yangu baada ya mume wangu kufa kwa homa. Baba alikuwa mwalimu wa Kurani aliyetoka pwani. Akaja mchuuzi mmoja wa maharage, Mluguru wa Mgeta, Muislamu mwenzetu, kuniposa. Baba hakumkataa. Alimwambia tu alete ubeti mmoja: mishororo minne, kila mmoja mizani kumi na sita, nane kwa nane, na vina visipotee. Nilijua anamfukuza kwa adabu.

Baada ya mwezi yule bwana akarudi. "Shikamoo, mwalimu." Akaketi barazani, akaghani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia.

Nimeshuka na mvua, toka juu milimani,
Mwanao kanizuzua, akiteka kisimani,
Shamba langu lachanua, na mbuzi mmoja bandani,
Mwalimu nawe amua, unijibu kwa hisani.

Baba alihesabu kwa vidole. Vina vilikuwa sawa, "ua" katikati na "ni" mwishoni. Hata "mvua" aliipa mizani tatu, maana ile "m" inajitegemea. Akakwama mshororo wa tatu.

"Na-mbu-zi-m-mo-ja-ba-nda-ni. Tisa. Umezidisha moja. Sema 'na mbuzi kumi bandani', itakaa."

"Sina kumi, mwalimu. Ninaye mmoja."

"Hili ni shairi tu, bwana."

"Nimekuja kuposa. Siwezi kuposa kwa mbuzi nisio nao."

Nilishindwa kunyamaza. "Sema 'na mbuzi wangu bandani'," nikasema. "Ni nane, na si uongo."

Yule bwana akaligeukia pazia. "Hapana, bibie. Mtu akisikia 'mbuzi wangu' atadhani ni kundi. Ukifika ukamkuta mmoja, utasemaje?"

Marehemu mume wangu aliniposa kwa ng'ombe ambao sikuwaona hata mkia. Nikafunua pazia, nikamwambia baba kwamba huyu namtaka.

Baba aliudhika, zaidi kwa lile pazia. Baada ya siku kadhaa akakubali, kwa sharti kwamba ubeti ule usisomwe harusini.

Tulifunga ndoa mvua zilipokatika. Njia ya Mgeta ilinitoa machozi kwa mwinuko wake, na mume wangu akabeba mzigo wangu juu ya wake. Nilizaa watoto watatu kule. Kazi ya shamba niliizoea. Baridi sikuizoea kamwe.