Somo la Jumapili na Ndizi za Mkwe Wangu

Hapana, sijahama kanisa, msinitazame hivyo. Aibu niliipata, ndiyo, ya kutosha kunihamishia kanisa la Kiwira, lakini wale akina mama wa kanisa nitawaacha vipi? Mzee wangu alipofariki walinichumia chai yangu shambani wiki nzima, na hakuna aliyewatuma.

Chanzo ni huu mdomo. Mimi shule sikuvuka hata mlango, na miaka yote nikiambiwa nisome kanisani nasema nimesahau miwani, nimesahau miwani, mpaka akina mama wakachoka, wakaninunulia miwani. Ningenyamaza yangeisha, lakini mimi nikaivaa, nikajiona mke wa mchungaji, nikasema Jumapili ijayo somo nipeni mimi. Mchungaji mwenyewe mgeni, hanijui, akaitikia kwa ile sauti yake ya puani, “Veeema sana, bibi yetu.”

Sasa mimi sauti ya mtu ikiniingia haitoki. Nikamwomba mkwe wangu Atupele anisomee, akanisomea jikoni huku anapika ndizi, nikameza yote (yote, ndiyo ubaya wenyewe).

Jumapili nikasimama mbele, kitabu mkononi, miwani puani. Nikaanza vizuri, sauti nyororo kama ya Atupele. Kufika mstari wa tatu hofu ikanishika, ulimi ukaenda wenyewe, nikajisikia nasoma, tena kwa madaha: “Mama, sogea kidogo, ndizi zinaungua, na huyu kuku nani kamwingiza?”

Kwaya wakaanza kuinamiana kwa kicheko. Mchungaji akaja taratibu, akanigeuzia kitabu mkononi, kumbe nilikishika kichwa chini miguu juu. Nikajua basi, benchi langu la miaka yote hii limekwenda, hawa watu nitawaangalia kwa macho gani? Nikavua miwani nishuke nitoke zangu (na uongo wa miwani sisemi tena, hata siku nikiisahau kweli).

Ndipo Mama Tumpe, mwenyekiti wetu wa akina mama, yule mwenye sauti kama mwiko unakwaruza sufuria, akasema palepale alipokaa:

“Rudi hapo. Hujui kusoma, tunajua tangu tukiwa wasichana, miwani tulikununulia usijikwae kwenye ngazi. Maliza somo, na kuku mwache nyumbani.”