Mashine Ilipokea kwa Nani?

Nakumbuka alasiri moja ya ujana wangu, katika madrasa ya mtaa wa Kuze, nilipoisoma hadithi ya Mtume kwa sauti ya mtu ajuaye. Mwalimu akanikatiza. "Umeipokea kwa nani?" Nikajibu kuwa kila mtu huisema. "Kila mtu si jina. Kaa chini." Tangu hapo, mwanangu, sina hamu na maneno ya barazani.

Mwaka huu mjukuu wangu Rukia, mwanafunzi wa fizikia, alinijia na kompyuta yake, akijiandaa kutetea tasnifu. Alinieleza kwamba protoni zikigonganishwa kwa kasi kubwa, hutoka minyunyizo ya chembe. Mingine huzaliwa na kwaki, vipande vidogo vilivyomo ndani ya protoni, mingine na gluoni zinazoviunganisha, na mashine yake, humo kompyutani, imejifunza kuitofautisha. Nusu nilielewa, nusu ingali inanipita.

"Hiyo kwaki, kuna aliyeiona?"

"Haionekani, Babu. Tunaona mnyunyizo tu."

"Basi mashine ilijuaje kuwa huu ni wa kwaki?"

"Tuliifunza kwa migongano ya kuigiza. Kuna programu inayoiunda, nayo hutwambia kila mnyunyizo umetoka wapi."

Nikazidi kuchanganyikiwa. Mashine kufunzwa na mashine?

"Programu hiyo ni moja tu?"

"Zipo nyingine. Mimi nilitumia moja."

"Mpokezi mmoja!"

Akacheka. "Babu, hili si darasa la hadithi. Utanikosesha shahada!"

Siku chache baadaye alirudi, hacheki. Aliijaribu mashine kwa migongano ya programu ya pili, ikababaika, hasa kwenye gluoni. Kumbe ilikuwa imekariri mazoea ya mwalimu wake, ile programu ya kwanza. Angeweza kunyamaza, maana hakuna mtahini aliyemwuliza. Akaomba utetezi uahirishwe.

Mama yake alinikabili. "Baba, kwaki zakuhusu nini wewe? Mtoto alikuwa amemaliza!"

Rukia mwenyewe asema hata programu ya pili yaweza kukosea, na migongano ya kweli haiji na majina. Basi wa kuaminiwa ni nani? Sijui, na siku hizi silioni jambo hili wazi kama nilivyoliona nilipouliza.

Hata hivyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii: usilolishuhudia, uliza limetoka kwa nani, kisha mtafute anayelisimulia vinginevyo, umsikilize kabla hujasimama mbele za watu. Ukikuta wamehitilafiana, sema hivyo, hata kama itakugharimu.

Mola akupe ujasiri wa kusema "bado sijajua" mbele ya wanaongoja jibu, na asikuache hapo. Amin.