Nilimpelekea baba mkwe cigar Kongwa, mama mkwe akaipasua kwa kisu cha mchicha

Wakuu, heshima kwenu. Hiki kimenikuta mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na sehemu inayoniaibisha nimeiacha ilivyo.

Mimi ni mtumishi hapa Dodoma mjini. Baba mkwe wangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Kongwa. Anavuta sigara moja kwa siku, baada ya chakula cha mchana, basi.

Siku moja kwenye simu akaniambia, "Mkwe, kabla sijafa nataka nionje cigar, ile sigara nene wanayovuta matajiri."

Nikajibu kama mtaalamu. "Baba, hizo nazijua vizuri. Nitakuletea original, ya Cuba."

Ukweli ni kwamba sikuwahi hata kuishika.

Nikanunua mbili kwa jamaa anayetembeza saa na pafyumu maofisini. Kila moja ina pete ya karatasi ya rangi ya dhahabu, kiboksi cha mbao, package imetulia. Nikaridhika kabisa.

Jumapili nikaenda na wife. Tumemaliza ugali na mlenda, mzee akavaa koti, akakaa barazani, akasema tuwashe. Mtakaosema kuvuta mbele ya mkwe ni utovu wa adabu, yeye ndiye aliyeagiza.

Ya kwangu ilikuwa imeziba. Navuta mpaka mashavu yanaingia ndani, moshi hauji.

Ya mzee ikaungua upande mmoja tu, halafu jani la nje likaanza kujifungua kama bandeji. Vipande vya tumbaku vinamwingia mdomoni, anavitema taratibu kwenye leso. Machozi yanamtoka.

"Vipi baba?"

"Nzuri, mwanangu. Ina nguvu."

Hapo niliumia. Mzee anateseka, na mimi nimekunja nne kama mwenye kiwanda.

Mama mkwe akatoka jikoni. Kwao ni Urambo, amekulia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Akanusa hewa, akachukua ya kwangu, akaipasua kwa urefu kwa kisu cha mchicha.

Ndani kulikuwa na vijiti, majani yenye unyevu, na kipande cha uzi wa kiroba.

"Hii haijakauka," akasema. "Mtu kasokota takataka, akaivika jani zuri juu. Nani kawauzia?"

Nikaona nisiendelee kudanganya.

"Baba, nisamehe. Sijawahi kuvuta cigar maishani. Nilitaka unione mjanja."

Mzee akaizima kwenye sahani, akajifuta macho.

"Kumbe," akasema. "Mimi nilidhani ndiyo ladha yenyewe ya matajiri, nikasema nivumilie."

Mama mkwe alicheka mpaka akaweka kisu chini. Tukacheka wote.

Nilichojifunza: cigar nzuri ukiibonyeza kidogo inarudi, haina vigumugumu ndani, na jani la nje halifunguki. Haya kanifundisha mama mkwe, siyo YouTube. Na kwa wakwe, "sijui" haimshushi mtu.

Siku hizi mzee ananipigia simu mara nyingi kuliko zamani. Akiniuliza jambo nikamwambia sijui, anajibu, "Sawa, basi tumuulize mama yako," halafu anaweka loudspeaker.

Wakuu, nani mwingine alishawahi kujifanya mtaalamu ukweni? Tiririkeni, na wajuzi wa tumbaku mnisahihishe nilipokosea.