Upande wa Kamera

Nyumbani kwao walimwita Maswali tangu akiwa mdogo, kwa sababu hakuna kitu kilichopita mbele yake bila kuulizwa kilikotoka. Ugonjwa huo aliurithi kwa mama yake. Mama huyo angekuuliza habari za safari hadi ukajuta kusafiri.

Sasa Maswali aliishi nchi ya watu, akifanya kazi kwenye ghala la vigae. Mwanzoni aliendesha gari la kuinulia mizigo. Kisha siku moja maboksi ya vigae yakaporomoka, yakamponda mguu wa kushoto, na tangu atoke hospitali alikuwa akikaa dirishani kuwapokea madereva. Mama aliambiwa mwanawe ameteguka kidogo tu. Lakini mama si mtu wa kufungwa kamba.

"Mbona kila nikikupigia umekaa?" aliuliza kwenye simu ya video.

"Kazi yangu ni ya kukaa, mama."

"Na jioni?"

"Jioni nimechoka."

"Nataka kukuona umesimama. Na si kwenye hiyo simu, maana humo unachagua mwenyewe cha kunionyesha."

Basi siku ya mapumziko ya kitaifa ikaja na neema. Timu ya kwao ilialikwa huko ugenini kucheza mechi ya kirafiki, na televisheni ya nyumbani ingeirusha moja kwa moja. Maswali akautangazia ukoo mzima: atavaa sweta la njano alilofumiwa na mama, atakuwa amesimama, wamtafute. Kusimama alikuwa anaweza vizuri kabisa. Kilichomshinda ni kutembea, hasa kwenye ngazi, na nani kawasha televisheni kutazama ngazi? Mkongojo wake akauacha nyuma ya mlango.

Uwanjani akawahi, akapanda polepole kabla watu hawajajaa. Kiti alikichagua katikati kabisa, kwa hesabu kwamba mpira ukianzia katikati, kamera nazo zitaanzia hapo. Alipoketi, macho yakashindwa kutulia. Kwa nini watu hawa wamekuja na mito ya kukalia, kana kwamba wanahamia? Kwa nini yule mama anafuma nyuzi wakati wachezaji wanapasha misuli? Na huyu mzee jirani, kwa nini anasikiliza mpira redioni na mpira uko mbele yake?

"Macho yangu yanafika kwenye mstari wa katikati tu," mzee alimjibu bila kinyongo. "Kutoka pale kwenda mbele, naona kwa redio."

Maswali alifurahi sana kulijua hilo. Mechi ikaanza. Akasimama, akakaa, akasimama tena kila mpira ulipokaribia, mpaka waliokuwa nyuma yake wakaanza kuguna. Simu ikalia ujumbe wa dada yake: "Hatukuoni. Mama hajanywa hata maji."

"Unatafuta nini huko juu?" mzee akamuuliza.

"Kamera, baba."

"Ziko hapo kwenye paa, juu ya kichwa chako. Zinatazama ng'ambo."

Maswali aliduwaa. Amelipia kiti cha heshima, na kumbe ndicho kiti pekee ambacho mama yake hawezi kukiona. Alipomweleza mzee habari yote, mzee akacheka mpaka redio ikamtoka sikioni. Halafu, wakati wa mapumziko, akamwita mlinzi wa jukwaa.

"Huyu ni mgeni, amekosea upande. Wenzake wako kule."

Mlinzi alilitazama lile sweta, akaona haraka kwamba heri liende kwa wenyewe. Akamzungusha kwa njia ya chini, akimsubiri kila baada ya hatua chache.

Upande wa pili ulijaa watu wa kwao, wote wamesimama, wanaongea lugha yake. Maswali alihisi kifua kikifunguka. Karibu na mwisho timu yao ikafunga, na alipoinua mikono simu ikatetemeka. "Tumekuona! Umesimama! Mama analia." Naye akalia kidogo, kwa raha ya mtu aliyetua mzigo.

Mchezo ukaisha, watu wakamiminika kutoka. Maswali akasubiri wapungue, kisha akaanza kushuka. Mguu mzima mbele, halafu ule wa kushoto unavutwa, mkono umeng'ang'ania chuma cha pembeni. Hakujua kwamba wachezaji wa kwao walikuwa wamekuja chini ya jukwaa lile lile kuwashukuru mashabiki, na kamera zilikuwa zimewafuata. Ngazi ilikuwa tupu. Juu yake kulikuwa na sweta la njano peke yake.

Simu ikalia. Alikuwa mama.

"Dada yako alitaka kuzima televisheni," alisema. "Nikamwambia aache kwanza."

Maswali alisimama pale pale. Akangoja maswali: lini, wapi, daktari gani, kwa nini ulinificha. Alikuwa na jibu la kila moja, tena alikuwa tayari kuyatoa yote.

"Usikate simu," mama akasema. "Shika hicho chuma vizuri. Shuka taratibu, mwanangu, nakuona."